Mwongozo kamili wa kumchunguza panya shamba: maumbile, uzazi na idadi yake shambani

Panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis, ndiye mgugunaji anayewaletea hasara wakulima wa nafaka wa Tanzania kuliko mwingine yeyote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi kwa mwaka wa kawaida, na katika mwaka wa mlipuko shamba zima linaweza kufukuliwa mbegu ndani ya siku chache tangu kupandwa. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, hasa penye mashamba, vichaka na nyasi. Mahali alipochunguzwa kwa kina na kwa muda mrefu ni Morogoro, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao kutoka Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakimnasa, kumtia alama na kumwachia tangu miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1994 walitenga eneo moja la hekta 3 lenye mitego 300, wakawa wanalitega kila mwezi kwa usiku tatu mfululizo. Mengi tunayoyajua kuhusu mnyama huyu yametokana na kazi hiyo ya subira.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa kilimo au biolojia, afisa ugani, na kikundi cha wakulima kilicho tayari kufanya kazi pamoja. Msimamo wangu ni kwamba uchunguzi lazima utangulie dawa, tena uanze miezi kadhaa kabla ya kupanda. Mkulima anayemkumbuka panya siku anapokuta mashimo matupu kwenye mistari ya mahindi amechelewa, kwa kuwa idadi anayopambana nayo siku hiyo ilikwisha kuamuliwa na mvua za msimu uliopita.

Hatua ya kwanza: Hakikisha ni yeye

Shambani kuna panya wa aina nyingi, na wengine hawana madhara makubwa kwa mbegu zako. Panya shamba mzima huwa na uzito wa gramu 30 hadi 60 hivi, ingawa wapo wanaofika 80. Mgongo wake ni wa kahawia iliyofifia kuelekea kijivu, tumbo lake ni la kijivu chepesi, na mkia wake unakaribia kulingana na urefu wa kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Panya wa darini, Rattus rattus, ana mkia unaozidi urefu wa mwili wake na masikio makubwa zaidi. Panya wa nyasi wa jenasi Arvicanthis ana manyoya magumu yenye madoadoa ya rangi ya mchanga, na hutembea mchana, wakati panya shamba hutoka usiku. Ukikuta mwenye mstari mmoja mweusi katikati ya mgongo, huyo ni Lemniscomys. Buku hahitaji maelezo, kwani mkubwa wake hupita kilo moja, na mkia wake ni mweupe kwenye nusu ya mwisho.

Alama isiyodanganya iko tumboni mwa jike. Panya shamba jike ana chuchu nyingi kuliko panya wengine wote utakaowanasa shambani: kati ya 8 na 12 kila upande, zilizopangwa katika mistari miwili isiyokatika kutoka kifuani hadi kwenye kinena. Panya wa darini ana chuchu 10 au 12 kwa jumla, tena zimegawanyika, nyingine kifuani na nyingine karibu na miguu ya nyuma, huku katikati pakiwa patupu.

Tahadhari moja kwa wanafunzi: huko Afrika Kusini yupo ndugu yake wa karibu, Mastomys coucha, anayefanana naye kwa nje kiasi cha kutotofautishwa kwa macho. Hutambuliwa maabara kwa idadi ya kromosomu, ambazo ni 36 kwa coucha na 32 kwa natalensis.

Hatua ya pili: Tunza kumbukumbu za mvua na usome uzazi wake humo

Hatua hii ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na haihitaji mtego hata mmoja. Weka kipima mvua mahali pa wazi, soma milimita kila asubuhi saa moja, kisha uandike kwenye daftari. Ukishindwa, omba takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho jirani. Andika pia tarehe ambayo nyasi changa zimeanza kuchipua pembezoni mwa shamba.

Sababu ni hii. Mimba ya panya shamba huchukua siku 23 tu, na kwa kawaida jike wa Morogoro hubeba watoto wapatao 11 kwa uzao mmoja. Wengine wamekutwa na zaidi ya 20. Watoto huacha kunyonya wakiwa na wiki tatu hivi. Mnyama mwenye uwezo huo angejaza nchi nzima kama angezaa mwaka mzima, lakini hafanyi hivyo. Katika mwaka wa kawaida huko Morogoro uzazi huanza takriban mwezi mmoja baada ya masika kuanza, yaani mnamo Aprili, na huendelea hadi Septemba au Oktoba. Watoto wa msimu huo hukua hadi kiwango fulani, kisha kiangazi huwasimamisha: uzito hauongezeki na viungo vya uzazi havikomai mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo panya unaowaona kwa wingi mwezi wa Oktoba na Novemba kwa sehemu kubwa ni vijana waliozaliwa mwaka huohuo na ambao bado hawajazaa. Wengi wao hufa kabla ya msimu unaofuata, na ni wachache tu wanaofikisha mwaka mmoja porini. Ndiyo maana idadi huwa juu mwishoni mwa kiangazi na chini kabisa karibu na masika.

Utaratibu huo huvunjika pale mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, zinapokuwa nyingi kuliko kawaida. Nyasi huchipua mapema, vijana waliosimama kukua hukomaa, na uzazi huanza Januari au Februari badala ya Aprili. Watoto wa uzao huo wa mapema hukutana na masika wakiwa bado wachanga, chakula kikiwa tele. Badala ya kusubiri mwaka mzima, nao hukomaa na kuanza kuzaa katika msimu uleule pamoja na mama zao. Vizazi viwili vinavyozaa kwa wakati mmoja ndivyo vinavyoleta mlipuko, ambao huonekana wazi miezi kadhaa baadaye. Mwaka 1997 mtafiti Herwig Leirs na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa takwimu za Morogoro ulioonyesha kwamba kuishi na kukomaa kwa panya hawa hutegemea mvua pamoja na msongamano wao wenyewe. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba daftari la mvua za vuli humpa onyo mapema, kukiwa bado na muda wa kujipanga.

Hapa inafaa kumlinganisha na wenzake wa mbali. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, panya wa nyasi wenye mkia mfupi wa jenasi Microtus, ambao hawapo kabisa kusini mwa Sahara, huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 3 hadi 5, jambo ambalo mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton aliliandikia mwaka 1924. Panya shamba hana mzunguko wa namna hiyo, kwani miaka yake mibaya huja kwa kufuata mvua na haihesabiki kwa kalenda. Hata hivyo jamaa hao wanakutana mahali pamoja. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kemikali iliyomo katika majani machanga ya nyasi huamsha uzazi wa Microtus montanus, na huko Morogoro pia uzazi wa panya shamba hufuata kuchipua kwa nyasi. Ndiyo sababu nasisitiza tarehe ya nyasi kuchipua iandikwe pamoja na milimita za mvua.

Hatua ya tatu: Ruhusa na kinga

Mkulima anaweza kuchunguza shamba lake mwenyewe. Anayetaka kufanya utafiti rasmi nchini Tanzania atahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa wanyamapori ataelekezwa pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Serikali ya kijiji ijulishwe kwa vyovyote vile, na watoto waelezwe kwamba vile visanduku vya bati si vya kuchezea.

Usimshike panya yeyote kwa mkono mtupu. Mkojo wake unaweza kubeba vimelea vya leptospirosisi, na viroboto wake wanaweza kubeba tauni, ugonjwa ambao umewahi kuzuka mara nyingi Lushoto na pia Mbulu. Katika maeneo ya namna hiyo kazi ya kunasa waachiwe wataalamu wa afya. Spishi hii hii ndiyo inayohifadhi virusi vya Lassa huko Afrika Magharibi, vilivyotambuliwa nchini Nigeria mwaka 1969. Virusi vya jamii hiyo vilivyopatikana kwa panya shamba wa Tanzania, yaani vya Morogoro na vya Gairo, havijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu, lakini hilo halipunguzi hitaji la tahadhari. Vaa glovu nene, barakoa, mikono mirefu na buti, fanya kazi mahali penye hewa, na usafishe mitego kwa maji yenye klorini kisha uianike juani.

Hatua ya nne: Pima gridi na utege

Chagua sehemu ya shamba yenye umbo la mraba, mbali kidogo na nyumba. Pigilia vijiti 100 katika mistari 10 ya vijiti 10, kila kimoja kikiwa mita 10 kutoka kwa mwenzake, na ukipe kila kijiti herufi na namba yake. Mtego unaofaa ni kile kisanduku cha bati kiitwacho Sherman, chenye urefu wa sentimita 23 hivi, ambacho mlango wake hufunga panya anapokanyaga kibao cha ndani. Ukiwa na mitego 49 tu, tumia mistari 7 ya mitego 7. Mtego wa kuua haufai kwa kazi hii, kwa sababu aliyekufa hawezi kunaswa tena, na hesabu tutakayoifanya baadaye inategemea kuwanasa tena waleule.

Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi au pumba hadi ishikane. Weka donge dogo nyuma ya kile kibao, wala usilipake juu yake. Tega jioni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kagua alfajiri, kisha funga mitego yote mchana. Mtego wa bati ulioachwa juani hadi saa nne asubuhi huua kwa joto, nao siafu wakipita usiku humaliza panya aliyefungiwa humo. Ukiona njia ya siafu, ondoa mitego ya eneo hilo usiku ule na uandike kwamba haikutegwa. Nyakati za baridi weka pamba kidogo ndani ya kila kisanduku. Endelea kwa usiku tatu mfululizo, kwa kuwa usiku mmoja hutoa picha ya kubahatisha.

Hatua ya tano: Mkague mmoja mmoja

Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Funika mdomo wa mtego kwa mfuko wa kitambaa, fungua mlango, na utikise taratibu mpaka panya aingie mfukoni. Pima mfuko na panya kwa mizani ya kuning'iniza, kisha utoe uzito wa mfuko. Baada ya hapo mshike kwa nje ya kitambaa, ukibana ngozi ya shingo kwa kidole gumba na cha shahada, na ukunje kitambaa taratibu hadi sehemu ya nyuma ya mwili ionekane. Akianza kuhema kwa shida, legeza mara moja.

Anza na jinsia. Kwa dume, nafasi iliyopo kati ya tundu la haja kubwa na kiungo cha uzazi ni ndefu zaidi kuliko ya jike, na tofauti hiyo huonekana hata kwa mtoto. Dume aliyekomaa korodani zake huwa zimeshuka na kuvimba chini ya mkia, ilhali za kijana bado zimo tumboni.

Jike ana mengi ya kusoma. Tazama kwanza uke: wa kijana umefunikwa na utando wa ngozi, wa aliyekomaa umefunguka. Kisha tenganisha manyoya ya tumbo kwa ncha ya kidole chenye glovu. Chuchu za ambaye hajawahi kuzaa ni vidoti vidogo vilivyofichwa na manyoya, na inabidi uvitafute. Za anayenyonyesha zimerefuka na zina wekundu, na manyoya yanayozizunguka yamenyonyoka kwa midomo ya watoto, hivi kwamba ile mistari miwili huonekana wazi kutoka kifuani hadi kinenani. Mwisho papasa tumbo kwa wepesi sana, kwani mimba iliyokua huhisika kama mafundo yaliyopangana pande zote mbili.

Utie alama gani? Watafiti wenye vibali hutumia njia za kudumu. Kwa uchunguzi wa usiku tatu inatosha kukata manyoya kwa mkasi mdogo, sehemu moja maalumu kwa kila usiku: paja la kulia usiku wa kwanza, paja la kushoto usiku wa pili. Andika kituo, uzito, jinsia, hali ya uzazi na alama, kisha umwachie hapohapo kwenye kijiti alikonaswa. Anayeishi jirani na kijiti hicho mara nyingi huzunguka eneo lisilofika nusu ekari, na maeneo hayo huingiliana, kwa sababu panya shamba hagombei mipaka na wenzake. Akiachiwa mbali hana pa kukimbilia.

Hatua ya sita: Kadiria idadi

Tuseme usiku wa kwanza ulinasa na kutia alama panya 39. Usiku wa pili umenasa 47, na kati yao 23 wana alama ya paja la kulia. Ongeza 1 kwa kila namba: 40, 48 na 24. Zidisha 40 kwa 48 upate 1,920, gawanya kwa 24 upate 80, kisha toa 1. Makadirio ni panya 79. Gridi ya mitego 100 iliyopimwa kwa mita 10, ukiongeza mita 5 za ukingo kila upande, inafunika hekta 1, kwa hiyo shamba hilo lina panya wapatao 79 kwa hekta. Usiku wa tatu hukusaidia kurudia hesabu na kuona kama majibu yanakaribiana. Yakiachana sana, chunguza kama mitego mingi ilikuwa imejaa, kwa sababu mtego uliokwisha kumnasa mmoja haumpati wa pili, na hapo makadirio hushuka chini ya hali halisi.

Usiridhike na namba moja. Panya 79 wa mwezi Novemba, wote vijana wasiozaa, ni habari tofauti kabisa na 79 wa mwezi Februari ambao nusu ya majike wao wana mimba. Kwa maoni yangu, fungu la majike wenye dalili za uzazi kati ya Januari na Februari ndilo safu muhimu kuliko zote katika daftari, kwa kuwa linathibitisha au kukanusha kile ambacho mvua za vuli zilikwisha kudokeza.

Hatua ya saba: Pima uharibifu bila kubahatisha

Panya shamba hula mbegu za nyasi, majani na wadudu, na mbegu ya mahindi iliyopandwa ni nyongeza nono kwake. Hufukua tangu usiku wa kupanda hadi mche unapofikisha wiki mbili hivi; baada ya hapo huuacha. Kabla ya kupanda, otesha mbegu 100 mahali palipozungushiwa wavu mdogo ili ujue ngapi huota zikiwa salama. Siku ya kumi hesabu miche katika mistari michache iliyotawanyika shambani, linganisha na idadi ya mbegu ulizopanda, na utoe zile ambazo zisingeota hata hivyo. Kagua pia nani alihusika. Panya huacha kishimo kidogo juu ya mbegu na mabaki ya maganda. Kwale na kunguru hufukua mchana, na nyayo zao huonekana.

Hatua ya nane: Amua, kisha uhakiki

Vuli ikiwa ya kawaida na majike wa Februari wakiwa hawajaanza kuzaa, usafi wa mipaka na ulinzi wa wiki mbili za kupanda hutosha. Utafiti wa Morogoro ulionyesha kwamba mashamba yaliyolimwa kwa trekta huwa na panya wachache kuliko yale yaliyofyekwa na kuchomwa moto tu, kwa hiyo kulima ardhi kwa kina ni sehemu ya udhibiti. Bundi wasiuawe, maana ni walaji wa panya, ingawa majaribio ya kuwawekea vitulio na visanduku vya viota huko Morogoro hayakuonyesha kwamba wao peke yao hubadilisha idadi ya panya shambani.

Dalili za uzazi wa mapema zikionekana, kikundi kizima kichukue hatua kwa pamoja kabla ya mbegu kuingia ardhini. Shamba moja lililotegwa chambo cha sumu katikati ya mapori yasiyoguswa hujaa tena kwa wahamiaji. Sumu kama zinki fosfaidi itumike chini ya usimamizi wa afisa ugani, ndani ya vyombo ambavyo kuku, mbwa na watoto hawafikii, na mizoga izikwe kila asubuhi.

Wiki mbili baada ya hapo rudi kwenye gridi ileile na uwatege kwa usiku tatu. Angalia mapaja yao: wakiwa wengi wenye manyoya yaliyokatwa, chambo hakikuwafikia wenyeji wa shamba, na kinatakiwa kusogezwa ndani kati ya mistari. Wakiwa karibu wote hawana alama na wamenaswa zaidi kwenye vijiti vya pembeni, wametoka nje ya shamba, na chambo kihamishiwe mpakani, upande ule ambao daftari linaonyesha wamenaswa wengi zaidi.